Ng'ombe Hawahesabiwi

Zamani, kabla lami haijafika Karatu, nilikuwa tanboi wa lori la mahindi. Siku hizi wanasema utingo, sijui kwa nini walibadilisha, maana kazi ni ileile: unakaa juu ya magunia, lori likikwama unaruka chini na jiwe lako unaliweka nyuma ya tairi, rejeta ikichemka unatafuta maji, na dereva akikosea njia unatukanwa wewe. Dereva wangu alikuwa mtu wa Tanga, mwembamba, anaichukia baridi yetu kuliko alivyomchukia mkwe wake, na huyo mkwe alikuwa akimsema kila siku. Alivaa makoti mawili. La juu lilikuwa la kike, alilinunua mitumbani bila kujua, na hakuna aliyemwambia. Mimi ningemwambia, lakini alikuwa ananitukana sana.

Tulikuwa tunapandisha mahindi Ngorongoro, kwa wafugaji. Mwaka mmoja masika yalitukuta kule Nainokanoka, lori likazama kwenye tope mpaka ekseli, na trekta la kutuvuta halikuja ila siku ya tisa. Dereva alikataa maziwa ya kibuyu, alisema yananuka moshi. Akawa anachemsha mahindi ya tajiri, mwenye lori, bila chumvi, tumbo likamkatika, akawa anashinda vichakani na makoti yake mawili. Mimi nilikunywa maziwa. Bibi mmoja ambaye boma lake lilikuwa karibu alikuwa ananiletea asubuhi na jioni, anakaa ananitazama nikinywa kama mtu anayelea ndama wa kuokota. Ndiye aliyeanza kunifundisha Kimaasai. Ananyoosha kidole: ng'ombe. Ndama. Tope. Mjinga, na hapo kidole kiko kwa dereva.

Siku moja nikajiona nimeiva, nikamuuliza: mume wako ana ng'ombe wangapi? Bibi yule aliniziba mdomo kwa kiganja. Kilinuka samli. Hakukasirika, alinieleza taratibu kama mtoto. Ng'ombe hawahesabiwi. Ukiwahesabu umewaita, na anayekuja kuwachukua si wewe. Mtu anawajua ng'ombe wake kama mnavyojuana ninyi ndani ya nyumba. Jioni mkikaa kula, mama yako anahesabu watoto? Anatazama tu, anaona nani hayupo. Nikasema sawa. Nilikuwa kijana mwenye njaa, ningesema sawa kwa lolote.

Basi trekta likaja, tukatoka, na baada ya hapo nilipanda kule miaka mingi mpaka tajiri akafa na watoto wake wakaliuza lori vipande vipande. Nikaoa. Nikarudi kwenye shamba la baba, mahindi, maharage na mbaazi, na ng'ombe wawili wa maziwa wa kufungia. Watoto sita, wanne wazima. Kimaasai kilibaki nami kama kovu la goti, hukioni mpaka mtu akiinua suruali. Nilikitumia siku za mnada tu, kubishana juu ya mbuzi.

Ninaeleza haya kwa sababu ile lugha ndiyo iliyonikutanisha na mtu ninayetaka kumsema, na kama nisingeijua labda yeye angekuwa amesimama langoni kwake mpaka leo.

Ilikuwa miaka ile ya korona. Kwetu mwanzoni watu hawakuitaja. Mtu akifa ilisemwa ni nimonia, au changamoto ya upumuaji. Mimi changamoto yangu ilinikuta shambani. Niliinama kung'oa magugu nikashindwa kuinuka, si mgongo, ni hewa, kama mtu amenikalia kifuani. Mama watoto alinifukiza siku mbili, majani ya mkaratusi na malimao na blanketi juu, nikatoka pale nimeiva kama kiazi na pumzi bado hamna. Siku ya tatu binti yangu alisema basi, tukapanda mshikaki kwenye pikipiki, mimi katikati, yeye nyuma amenikumbatia nisianguke. Sikuwahi kukumbatiwa na mtoto wangu mkubwa namna ile. Nakumbuka niliona aibu, nikiwa nakufa naona aibu.

Hospitali waliniwekea mtungi wa hewa. Kitanda cha pili alikuwa mzee wa Kimaasai, rika langu kwa kumtazama, mrefu mpaka miguu inatoka nje ya kitanda, na kila nesi akigeuka yeye anavua ile barakoa ya hewa. Kiswahili chake kilikuwa kidogo na ugonjwa ulikimaliza hicho kidogo. Nesi akachoka.

"Kuna mtu hapa anajua Kimaasai? Mwambieni huyu babu akivua tena atakufa."

Nikamwambia. Niliyageuza maneno kidogo, nikasema utachelewa kupona. Akanigeukia pole pole.

"Wewe ni Mmbulu."

"Ni Mmbulu."

"Nani alikupa mdomo wetu?"

"Bibi mmoja wa Nainokanoka."

"Nainokanoka ni kwangu," akasema. "Huyo bibi alikupa au ulimwibia?"

"Alinipa na maziwa juu."

Akafikiri, akavuta hewa. Kisha akasema, "Babu zako walichimba nyumba chini ya ardhi, wakaishi kama fuko kwa kutuogopa sisi. Leo tumelala chumba kimoja tunanyonya chupa moja."

"Si moja. Yako ile pale. Yangu imejaa zaidi."

Akacheka, kicheko kikawa kikohozi, kikohozi kikaita manesi wawili. Yule wa kwanza akanitolea macho: "Babu, nimekuomba utafsiri. Sijakuomba umchekeshe."

Tulikaa pale wiki tatu na kitu. Watu wawili walitolewa chumbani kwetu wakiwa wamefunikwa. Sitaki kuwaeleza hao, ila wa pili alikuwa kijana mwalimu, aliyekuwa anatusomea magazeti ya zamani yaliyofungiwa maandazi, na alipotolewa mwenzangu alivua ile barakoa, akasema maneno kwa sauti ndogo, akairudisha mwenyewe. Hakuivua tena.

Tuliruhusiwa siku moja, yeye na mimi. Sasa hapa kuna jambo. Kwetu mtu "akiruhusiwa" amepona. Ukitoka hospitali kwa miguu yako watu wanakuja, wanakunywa chai, wanamshukuru Mungu, na kesho yake wanatarajia kukuona na jembe. Daktari kijana alituambia vingine: mapafu yamebaki na makovu, pumzikeni, mrudi kila mwezi tuwapime. Nilimtafsiria mwenzangu vizuri. Lakini ninakiri, sisi wote wawili tulisikia neno moja tu, lile la kwanza.

Nyumbani padri msaidizi alikuja, kwaya ikaja. Wiki ya pili nikachukua jembe. Nilipiga mara kumi na moja. Nazijua kwa sababu ya kumi na mbili nililala kwenye tuta, moyo unapiga kama wa kuku aliyekimbizwa, nikitazama mawingu ya Oldeani na kujiuliza nimlalamikie nani. Sikuwa na homa. Sikuwa nakonda. Nilikuwa nakula, ingawa pua ilikufa: mama watoto aliunguza maharage siku moja mpaka jirani akaja kuuliza, na mimi nimekaa jikoni nayatazama. Usingizi ukanikimbia, na mchana nikawa nasinzia kanisani. Neno likawa linanikatikia mdomoni. Niliwahi kusimama mbele ya ng'ombe wangu na ndoo mkononi nisijue nimekuja kukamua au kunywesha.

Mama watoto ni mwanamke mwema lakini ulimi wake Mungu aliunoa.

"Mume wangu hospitali walinirudishia yule yule au walinibadilishia?"

"Nimechoka, mama."

"Umechoka na nini? Tangu asubuhi umefanya kazi ya kukalia kigoda. Kigoda ndicho kimechoka."

Alikuwa anatania, na alikuwa anaogopa. Watu wengine hawakuwa wanatania. Nilisikia kwenye kilabu cha pombe walisema mzee kaonja kulala, kanogewa.

Mwezi ulipoisha mwenzangu akashuka kutoka juu kwa ajili ya kliniki. Tulikuwa tumepatana afikie kwangu siku moja kabla, maana magari ya kule ni ya kubahatisha. Nilipomwona getini nilifurahi kuliko inavyofaa kwa mtu wa umri wangu. Aling'aa. Wenzake wa rika walikuwa wamemchukua msituni wakamchinjia, wakampikia supu ya mizizi, wakamshindisha kwenye nyama siku nyingi, kama desturi yao kwa mtu aliyetoka kuugua. Ngozi ilikuwa imejaa, rubega mpya, fimbo imepakwa mafuta. Lakini kutoka getini mpaka kwenye benchi langu, hatua labda thelathini, alisimama mara mbili, anajifanya anatazama mbaazi zangu.

Mama watoto akamwona akisimama. Akanitazama mimi. Tangu siku ile hakusema tena habari ya kigoda.

Kesho yake hospitali walitutembeza varandani, wakatubana vidole na kile kibanio chao cha kupimia hewa ya damu, wakatusikiliza migongo. Daktari akasema hili tulilonalo lipo, wamewaona wengine, ni mabaki ya UVIKO, unatoka lakini unaacha mkia. Tukauliza kidonge. Akasema hana kidonge cha kuuondoa. Tupumzike, tufanye kidogo kidogo, tusishindane na mwili. Nilipomsimulia mama watoto akasema ugonjwa usio na kidonge ni ugonjwa wa matajiri, sisi tumeupatia wapi.

Mwezi wa pili wa kliniki ndipo mwenzangu aliponiambia. Ilikuwa alasiri, tumekaa nyuma ya nyumba tunachambua maharage ya mbegu, kazi ya wagonjwa na wajane. Yeye hakuwahi kugusa maharage maishani, alikuwa anayachambua kwa kidole kimoja kama yanaungua.

"Siwaoni ng'ombe wangu," akasema.

Nikadhani wameibiwa. Nikasema pole, lini?

"Wapo. Mimi ndiye siwaoni."

Akanieleza. Jioni kundi likirudi, mwenye boma anasimama langoni. Yeye amesimama pale tangu baba yake alipofariki. Wanapita mbele yake, na hata akiwa anazungumza na mtu mwingine, akiwa anacheka, akipungua mmoja analisikia pengo mwilini. Yule mweusi mwenye baka kiunoni hajapita. Yule mwekundu wa pembe iliyoanguka amebaki mtoni. Hajifunzi mtu, unazaliwa nalo kisha unalilea. Sasa tangu atoke hospitali wanapita kama maji. Anaona migongo, anaona vumbi. Anamtazama ng'ombe aliyezaliwa mikononi mwake, anajua anamjua, na jina haliji. Mwezi uliopita alisema wameingia wote, wakafunga lango kwa miiba. Asubuhi walikuta fisi wamemla mtamba nje, hatua chache tu kutoka bomani. Alikuwa amelia nje usiku kucha, mke mdogo alisikia, lakini mzee alikwisha kusema wameingia wote.

"Mdogo wangu alinitazama," akasema. "Hakusema kitu. Akisema mara moja tu, lango ni lake. Na mimi nitakuwa mzee wa kuletewa chai."

Sasa ngoja niseme ukweli, maana hakuna aliyenilazimisha kusimulia. Nilikuwa na maharage mapajani. Nilisoma mpaka darasa la tatu, na kitu pekee nilichotoka nacho shuleni ni hesabu. Magunia ya tajiri hayakuwahi kupotea mkononi mwangu. Na nilikuwa, miezi ile, sifai kwa lolote. Hakuna aliyekuwa ananiuliza kitu. Mtu mrefu namna ile, mwenye mali namna ile, amekaa kwenye benchi langu ananieleza aibu yake. Nilitaka kuwa na la kumpa. Kiganja cha yule bibi nilikikumbuka, nisiseme sikukumbuka. Nikakiondoa mdomoni kwangu, nikasema haya ni mambo ya zamani.

"Chukua maharage," nikamwambia. "Harage moja, ng'ombe mmoja. Asubuhi wakitoka, kila anayepita unatoa harage upande huu wa rubega unaweka upande huu. Jioni unarudisha. Likibaki harage, ng'ombe mmoja yuko nje."

Akalisukuma harage moja kwa kidole chake.

"Hiyo ni kuhesabu," akasema.

"Hutamki namba yoyote. Wewe unahamisha maharage tu."

"Wewe Mmbulu," akasema, "babu zako kweli walikuwa fuko. Mnapita chini."

Lakini alinyoosha mkono. Tulichagua mekundu, makubwa, yasiyo na tundu. Alimtaja ng'ombe mmoja mmoja kwa taabu, mimi naweka. Ilituchukua mpaka jua likaondoka kwenye benchi, na mara tatu ilibidi tuanze upya kwa sababu alisahau kama yule wa madoa tumeshampitia. Mara ya tatu machozi yalimtoka. Nilitazama pembeni, kwenye banda la kuku, nikazungumza na kuku.

Mwezi uliofuata alikuja amechangamka. Yalikuwa yanafanya kazi! Anasimama langoni, mkono ndani ya rubega, watu wanadhani anajikuna. Jioni moja lilibaki harage moja, akasema kwa sauti ya zamani, "Kuna mmoja nje, nendeni," na vijana wakamkuta ndama wa kike amenasa makorongoni. Mdogo wake akaanza tena kumngojea yeye ndipo afunge lango. Aliniletea asali kwenye kibuyu kidogo. Mama watoto akauliza asali ya nini, nikasema ya urafiki. Nilikuwa na furaha, nilitembea mpaka barabarani kumsindikiza, kisha nikalala siku mbili.

Mwezi mwingine hakuja. Hakupiga simu. Nilienda kliniki peke yangu.

Alipokuja tena ilikuwa miezi miwili imepita, na hakukaa kwenye benchi. Alikaa chini, kwenye majani, mgongo kwenye ukuta. Mama watoto akamletea makande, akayaacha. Nikaona maharage ndani ya makande nikatamani kuyaficha.

"Maharage yalikuwa sawa," akasema.

"Ndiyo."

"Yaliisha yote. Hakuna lililobaki. Nikasema fungeni."

"Ndiyo."

"Ng'ombe wa jirani aliingia na wangu. Yule mwekundu wa pembe iliyoanguka akabaki nje. Mmoja ndani, mmoja nje, maharage hayajui." Akavuta pumzi. "Mtoto wa miaka minane alisema, 'Baba mkubwa, huyu si wetu.' Mtoto! Mimi namtazama huyo ng'ombe mgeni, ana chapa ya watu wengine kwenye paja, na mkono wangu uko kwenye maharage."

Yule mwekundu walimpata asubuhi, mzima. Kwa hiyo ingepita. Lakini mdogo wake alikuwa amekwisha kuuona ule mkono. Akamwomba kwa heshima, mbele ya wake zake, aonyeshe kilichomo kwenye rubega. Alionyesha. Maharage yalianguka, kuku wakayakimbilia, na hapo kila mtu alielewa yalikuwa ya nini, kwa sababu watoto walikuwa wamemwona akiyahamisha asubuhi wakadhani mzee anacheza.

Na wiki ile ile ndigana, ule ugonjwa wa kupe, iliingia. Ndama saba walikufa. Ndigana huingia kila mwaka, mimi najua, wewe unajua, daktari wa mifugo anajua. Lakini alikuwa amewahesabu.

"Mdogo wangu hakupiga kelele," akasema. "Angepiga kelele ningempiga fimbo. Alisema, 'Kaka, umeugua sana. Kaa chini sasa. Lango nitasimama mimi.' Jioni nililetewa chai."

Nikasema, "Ni mimi niliyekupa. Nitapanda huko nikawaambie."

"Utawaambia nini? Kwamba nilifundishwa na Mmbulu? Wataongeza hilo."

"Nilijua," nikasema. "Nilijua kwamba haifai. Niliambiwa nikiwa kijana."

Nilitegemea anitukane, nilikuwa tayari, Kimaasai kina matusi mazuri na mengi nilikuwa nayajua.

"Na mimi nilijua," akasema. "Nilijua kabla wewe hujaonja maziwa yetu. Tuache."

Lakini hatukuacha, kwa sababu usiku hakula na asubuhi hakunywa chai, hasa chai. Tukaenda hospitali kwa miguu, tunapumzika kila baada ya nguzo tatu za umeme, wazee wawili wenye ngozi nzuri. Vijana wa bodaboda wanatuambia, "Wazee, pandeni, mnahangaika nini?" Daktari alikuwa ametuambia tutembee kidogo kidogo, ndiyo tukawa tunatembea.

Siku ile alikuwepo nesi yule yule wa wodini. Alifurahi kutuona. Alimpima mwenzangu kidole, akasema hewa ya damu imepanda, vizuri, unaendelea vizuri babu. Nikatafsiri.

"Muulize," mwenzangu akasema. "Ng'ombe wangu watarudi lini?"

"Watarudi wapi?"

"Kichwani. Muulize kama nilivyosema, usipunguze."

Nikamuuliza. Nilieleza vyote, lango, fisi, pembe iliyoanguka, mpaka maharage. Nesi aliacha kuandika. Ningeweza kumkatiza nikampa jibu mwenyewe, nilikuwa nimezoea kuyageuza maneno ya hospitali yakawa laini. Nesi alisema:

"Babu, nikikudanganya itanisaidia nini. Wengine kumbukumbu imewarudia baada ya miezi, wengine mwaka umepita na bado. Wewe sijui. Hata daktari hajui."

Mwenzangu alikuwa ananitazama mdomo. Nikatafsiri neno kwa neno. Hata lile la "hajui" nililitafsiri mara mbili.

Akaitikia kwa kichwa. Akasema kwa Kiswahili, yeye mwenyewe, "Asante, mama."

Kisha nesi akamfunga kibanio kidoleni, akashika saa. Ndicho kipimo chao: unatembea varandani kutoka mlangoni mpaka kwenye koni ya plastiki kule mwisho, unaizunguka, unarudi, unakwenda tena, dakika sita, wanaangalia umefika wapi na hewa imeshuka kiasi gani. Tulishakifanya mara nyingi. "Haya babu," akasema, "taratibu, usikimbie."

Alitembea vizuri. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la wagonjwa nikingojea zamu yangu, namwona mgongoni, rubega nyekundu, mabega yaliyonyooka, huwezi kujua kama ni mgonjwa. Alifika kwenye koni. Akavua kibanio, akakitundika juu ya koni, akashuka ngazi mbili za varanda akakanyaga uwanja.

"Huyo anakwenda wapi?" nesi akasema. "Dakika hazijaisha. Babu, mwite."

Nikamwita kwa Kimaasai. Niliita mara moja. Mara ya pili pumzi haikutosha, nikainuka, nikafika kwenye nguzo ya varanda nikaishika, kifua kimebana, mdomo wazi, sina sauti. Alikuwa amefika getini. Pikipiki ilikuwa inaingia na mama mjamzito, akasimama pembeni kuwapisha, akamwambia mlinzi neno, mlinzi akacheka. Akatoka.

Hakukata kushoto kuelekea kwangu alikoacha blanketi lake, wala kulia kwenye magari ya kupanda juu. Alivuka barabara moja kwa moja, akaingia kwenye njia ya mashamba, katikati ya mahindi ya watu. Nesi alikuwa bado ameshika saa. Hakurudi kwenye varanda ile, wala mwezi uliofuata, wala kwangu. Na mdogo wake aliponitafuta mnadani, baada ya wiki tatu, kuniuliza kaka yake nimemweka wapi, ndipo nikajua kwamba na nyumbani hakufika.